Mashine pepe kwa anayeanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa anayeanza: mwanafunzi wa chuo kama DIT au IFM aliyeambiwa darasani aje na mfumo endeshi wa Linux wiki ijayo, fundi wa Kariakoo anayetaka kuijaribu Windows kabla ya kuiweka kwenye mashine ya mteja, mhasibu wa Posta ambaye programu yake ya zamani imegoma kufunguka kwenye Windows 11. Wengi huja na swali moja kuhusu programu ya kuendeshea mashine pepe, "niweke ipi?", wakitegemea kupewa jina. Jina nitalitaja. Lakini laptopu yako ndiyo inayoamua kabla yako, kwa hiyo soma sehemu ya BIOS (mipangilio ya ndani ya laptopu inayowaka kabla ya Windows) na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) kwanza hata kama una haraka.

Mashine pepe ni nini hasa?

Ni kompyuta iliyotengenezwa kwa programu, inayoishi ndani ya kompyuta yako ya kweli. Ina prosesa, kumbukumbu, diski na kadi ya mtandao, ila vyote vimeazimwa kutoka kwenye mashine unayoishika mkononi. Unaiwasha, unaiwekea mfumo endeshi, unaivuruga, unaifuta, na Windows yako ya kila siku inabaki ilivyo. Kompyuta ya kweli tunaiita mwenyeji, ile ya ndani tunaiita mgeni.

Kitu cha kukishika mapema ni hiki: diski nzima ya mgeni, kwa mwenyeji, ni faili moja kubwa lililokaa kwenye folda. Ukilijua hilo, mambo mengi yanaacha kutisha. Kuhamisha mashine ni kunakili mafaili. Kuifuta ni kufuta mafaili.

Teknolojia yenyewe si ya jana. IBM walikuwa wakiendesha mashine pepe kwenye kompyuta zao kubwa tangu miaka ya 1960. Kwenye kompyuta za kawaida ilifika mwaka 1999 na VMware Workstation, na kuanzia 2005 na 2006 Intel na AMD wakaanza kuweka ndani ya prosesa zao uwezo maalumu wa kuibeba kazi hiyo. Uwezo huo ndio tutakaoutafuta kwenye laptopu yako muda si mrefu.

Kwa nini nisiigawe diski tu, nikaweka Linux pembeni ya Windows?

Unaweza, na kwa mtu mwenye RAM ndogo inaweza kuwa njia bora, kwa sababu mfumo mmoja unapata mashine nzima. Ila kuigawa diski yenye kazi zako zote, bila nakala ya akiba, ni kuziweka kazi hizo rehani. Kosea batani moja wakati wa kusakinisha na utafiti wa mwaka mzima umekwenda. Kwenye laptopu zenye BitLocker, ulinzi wa Windows unaoifunga diski, kuna la ziada: mabadiliko ya namna mashine inavyowaka yanaweza kuifanya Windows ikudai namba ndefu ya urejeshaji, na watu wengi hawajui hata walihifadhi wapi namba hiyo.

Kingine, ukigawa diski utatumia mfumo mmoja kwa wakati. Kwa mashine pepe unasoma maelekezo kwenye Windows huku Linux iko wazi kwenye dirisha la pili. Mwanafunzi anayejifunza seva anahitaji hilo kuliko anavyodhani.

Nitajuaje kama laptopu yangu inaweza?

Angalia vitu vinne, na usikiruke hata kimoja.

Cha kwanza ni ule uwezo wa prosesa. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia sehemu ya "Performance", kisha "CPU", halafu tazama chini mstari ulioandikwa "Virtualization". Ukisoma "Enabled", endelea. Ukisoma "Disabled", uwezo upo lakini umezimwa, na unawashwa kwenye BIOS. Zima mashine, iwashe, na gusagusa kitufe cha kuingilia BIOS: kwa HP ni Esc au F10, kwa Dell F2, kwa Lenovo F1 au F2 kutegemea toleo. Humo ndani tafuta "Intel Virtualization Technology" au "VT-x". Kwa prosesa za AMD mara nyingi huandikwa "SVM Mode". Iwashe, hifadhi, toka.

Hapa niwaambie jambo wanaonunua mashine za mtumba. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo ni HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad zilizowahi kutumika maofisini nje ya nchi. Kwa kazi hii ni mashine nzuri sana, kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi na nyingi zina nafasi ya kuongeza RAM. Tatizo ni kwamba baadhi hufika zikiwa bado na nywila ya BIOS iliyowekwa na kampuni iliyozimiliki mwanzo. Windows itawaka vizuri tu, utarudi nyumbani Mbagala au Tegeta umefurahi, na siku utakapotaka kuwasha VT-x utakuta mlango umefungwa. Kuifungua nywila hiyo kwenye mashine za kiofisi si kazi ya fundi yeyote, na nyingine hazifunguki bila kubadilisha kifaa ndani. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, mwombe muuzaji aiwashe na aingie BIOS mbele ya macho yako. Muuzaji mkweli hatakataa.

Cha pili ni RAM. Windows 11 ikiwa na kivinjari chenye kurasa chache inaweza kula GB 4 bila shida. Mgeni wako naye anataka zake. Kwa GB 8 unaweza kumpa mgeni mmoja GB 2 hadi 4 na kufanya kazi kwa raha. Kwa GB 16 unaweza kuwasha wageni wawili au watatu na kuwaunganisha, na hapo ndipo masomo ya mtandao yanapopata ladha.

Cha tatu ni aina ya diski. Hapo hapo kwenye "Performance" utaona kama diski yako ni SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, au HDD. Kwenye HDD mifumo miwili inagombania diski moja ya kuzunguka, na utasubiri hadi uchoke. Ukiwa na hela ya kurekebisha kitu kimoja tu kwenye laptopu ya zamani, badilisha HDD iwe SSD kabla ya kufikiria lolote jingine. Nafasi nayo ipangie: Ubuntu (aina mojawapo ya Linux) yenye madirisha ipe GB 25 au zaidi, Windows 11 inataka angalau GB 64.

Cha nne ni toleo la Windows yenyewe, Home au Pro. Utaona umuhimu wake tukifika kwa Hyper-V, programu ya mashine pepe ya Microsoft wenyewe.

Nina RAM ya GB 4 tu. Nikate tamaa?

Usikate. Usijaribu Windows ndani ya Windows, wala Ubuntu yenye madirisha na mapambo. Weka Debian isiyo na madirisha, au Alpine (zote ni aina za Linux), mpe mgeni MB 512 hadi GB 1, funga kivinjari, na ujifunze kwa amri za kuandika. Seva nyingi duniani zinaendeshwa hivyohivyo, bila dirisha hata moja, kwa hiyo unachojifunza ndicho watu wa kazi wanachokifanya.

Ukipata hela, ongeza RAM. Fungua au mwombe fundi afungue uone kama kuna nafasi tupu, maana laptopu nyembamba za kisasa mara nyingine RAM yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi na haiongezeki.

Haya, nianze na programu gani?

VirtualBox. Kama una laptopu ya GB 8, iwe Windows Home au Pro, na bado hujui kesho utaitumia kwa kazi gani, weka VirtualBox leo uanze kazi.

Sababu zangu ni hizi. Inakubali kwenye Windows, Linux na Mac, kwa hiyo ukibadilisha laptopu hujifunzi upya. Haijali kama Windows yako ni Home. Unaipakua bila kufungua akaunti popote. Msingi wake ni programu huria iliyo chini ya leseni ya GPL. Na jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote kwa anayeanza: imeenea. Kosa lolote litakalokutokea, kuna mtu lilishamtokea akaandika alivyolitatua, na darasani kwako kuna uwezekano mkubwa wenzako watatu wanaitumia. Kujifunza peke yako kitu ambacho jirani hakijui ni kujichosha bure.

Historia yake kwa ufupi: ilianzia Ujerumani kwenye kampuni ya Innotek, ikatoka mwaka 2007, ikanunuliwa na Sun Microsystems mwaka 2008, na Sun ilipochukuliwa na Oracle mwaka 2010, VirtualBox ikaenda nayo. Toleo la 7.0 la mwaka 2022 lilileta TPM pepe, kile kifaa cha usalama ambacho Windows 11 inakidai, ndiyo maana sasa Windows 11 inakubali kuingia humo bila ujanja ujanja.

Udhaifu wake upo. Picha na madirisha ya mgeni si mepesi kama kwa VMware, na mara chache baada ya mwenyeji kusasishwa inaweza kugoma hadi nayo uisasishe. Kwa mtu anayeanza, haya hayazidi faida zake.

Kuna kitu kimoja wa ofisini wakiangalie. Pembeni ya VirtualBox kuna kifurushi cha nyongeza kinachoitwa Extension Pack, na hicho leseni yake ni tofauti. Kwa matumizi binafsi na ya kusoma ni bure, kwa biashara ni cha kulipia. Kama kompyuta ni ya kampuni, baki na VirtualBox yenyewe, achana na kifurushi hicho mpaka mwenye mamlaka ya kulipa aamue.

VMware Workstation si ya kulipia? Kuna mtu ana "crack" kwenye fleshi.

Ilikuwa ya kulipia. Broadcom waliinunua VMware Novemba 2023, Mei 2024 wakaifanya Workstation Pro kuwa bure kwa matumizi binafsi, na Novemba 2024 wakaifungua kwa wote, biashara zikiwemo. Kwa hiyo "crack" hiyo, faili la kukwepa kulipia leseni, haina kazi tena. Faili la aina hiyo unaliendesha kwa ruhusa zote za msimamizi wa kompyuta, kwenye mashine ileile unayofungulia barua pepe na akaunti ya benki. Lifute.

Kuipata halali kunataka uvumilivu kidogo: unafungua akaunti kwenye tovuti ya Broadcom, unajaza taarifa zako, ndipo unapakua. Ukishaiweka utaona tofauti kwenye uchoraji wa madirisha. Mgeni anateleza vizuri zaidi. Mimi humshauri aichague mtu anayelenga kufanya kazi kwenye vituo vya data vinavyotumia bidhaa za VMware, au ambaye masomo yake yameandikwa kwa ajili yake. Wengine waanze na VirtualBox, wakiichoka watahama.

Hyper-V ipo tayari ndani ya Windows. Kwa nini nisitumie hiyo?

Ipo kwenye Pro, Enterprise na Education. Kwenye Home haipo, na laptopu nyingi mpya za dukani huja na Home. Ukiwa na Pro, unaiwasha kwenye "Turn Windows features on or off", unazima na kuwasha kompyuta, tayari.

Ni imara na ina kasi, na anayetaka kuwa msimamizi wa Windows Server lazima atakutana nayo kazini. Kwa anayeanza kabisa ina ukali wake: mpangilio wa mtandao unataka uelewe kwanza, na haina njia nyepesi ya kumkabidhi mgeni kifaa kilichochomekwa kwenye USB. Kama kazi yako ni dunia ya Microsoft, ichague. Kama sivyo, iache ilale.

Nataka amri za Linux tu. Yote haya ya nini?

Basi huenda huhitaji lolote kati ya hayo. Fungua PowerShell (dirisha la amri la Windows) kama msimamizi, andika wsl --install, subiri, washa upya, na utakuwa na Ubuntu ndani ya Windows. Hii ndiyo inaitwa WSL, na inafanya kazi hata kwenye Home. Kwa anayejifunza kuandika programu inatosha kabisa. Kwa anayejifunza kusakinisha mfumo, kugawa diski na kuunganisha mashine kadhaa, haitoshi.

Mimi natumia Linux tayari. Na mwenzangu ana Mac.

Wewe wa Linux una KVM tayari, teknolojia ya mashine pepe iliyo ndani ya kiini cha Linux tangu mwaka 2007. Kinachobaki ni sura ya kuiendeshea: GNOME Boxes kama unataka wepesi, virt-manager kama unataka kugusa kila kitu. Ukizoea virt-manager hutatamani kurudi nyuma.

Mwenzako wa Mac aangalie kwanza prosesa. Mac za kuanzia M1, zilizotoka mwishoni mwa 2020, ni za ARM, aina ya prosesa iliyo tofauti na za Intel na AMD, na mgeni naye lazima awe wa ARM ndipo aende kwa kasi. Faili la kawaida la Windows au Ubuntu alilopewa na mwenye HP halitamfaa. Atafute la ARM64. UTM ni bure na ni nzuri kwa kuanzia, VMware Fusion nayo sasa ni bure, Parallels Desktop ni ya kulipia na ndiyo laini kuliko zote.

Bando langu ni dogo. Nitapakua mafaili ya ukubwa gani?

VirtualBox yenyewe haina tatizo, iko chini ya MB 200. Mzigo uko kwenye mafaili ya ISO, yaani mafaili ya kusakinishia mifumo. Ubuntu ya sasa yenye madirisha inakaribia GB 6. Linux Mint ni karibu GB 3. Windows 11 inazidi GB 5. Debian ya kusakinisha kwa mtandao iko chini ya GB 1, lakini kumbuka itaendelea kuvuta vitu wakati wa kusakinisha. Alpine ya mashine pepe haifiki hata MB 100.

Ushauri wangu kwa wanafunzi wa darasa moja ni huu: mmoja apakue, wengine wanakili. Linux inaruhusiwa kugawana, huvunji sheria yoyote. Tumia mtandao wa chuo kama unafika, au bando la usiku, na utumie programu ya kupakua inayoweza kuendelea pale ilipoishia mtandao ukikatika. Torenti rasmi za Ubuntu na Debian nazo ni halali na zinavumilia mtandao unaokatikakatika kuliko kivinjari.

Wakati wa kunakili utakutana na ujumbe kwamba faili ni kubwa mno, hata kama fleshi ina nafasi ya GB 32. Sababu ni kwamba fleshi imepangwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Ondoa vilivyomo, iformati kwa exFAT, itapokea.

Ukishapokea faili la mtu, lihakiki kabla ya kulitumia. Kila mfumo wa maana hutangaza kwenye tovuti yake mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu uitwao SHA-256. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, nenda kwenye folda yenye faili, andika certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256, kisha linganisha. Zikilingana, faili ni lilelile lililotoka kiwandani. Zikitofautiana hata herufi moja, limeharibika njiani au limechezewa. Watu hupoteza jioni nzima wakisakinisha faili bovu na kuilaumu VirtualBox.

Windows ya ndani ya mashine pepe inataka leseni yake?

Ndiyo, ile ya mwenyeji haimfuniki mgeni. Kwa kujifunza, Microsoft wanatoa matoleo ya majaribio: Windows 11 Enterprise ya siku 90 na Windows Server ya siku 180. Kwa somo la muhula mmoja muda huo unatosha.

Mashine pepe yangu inaenda polepole mno, wakati mwingine inaganda. Nini tatizo?

Hili ndilo swali linaloletwa kuliko yote, na mara nyingi mwuliza ameshaamua kwamba programu ni mbaya. Tuliza moyo, tupitie kimoja kimoja.

Anza na RAM. Mtu ana GB 8, anampa mgeni 6 akidhani anamsaidia. Mwenyeji anabaki na 2, anaanza kuandika kumbukumbu yake kwenye diski, na wote wawili wanakwama. Usizidishe nusu. Prosesa vilevile: viini viwili vinatosha kuanzia, usimpe mgeni vyote.

Pili, umeweka Guest Additions? Ni programu ndogo unazoweka ndani ya mgeni baada ya kumaliza kusakinisha. Bila hizo skrini inabaki ndogo, kipanya kinakwaruza na picha zinachelewa. Kwa VMware kazi hiyo hufanywa na VMware Tools, na Linux nyingi huja nazo tayari kwa jina la open-vm-tools.

Tatu, tazama upau wa chini wa dirisha la VirtualBox. Ukiona kikobe kidogo cha kijani, maana yake VirtualBox imemkuta Hyper-V ameshika prosesa na inalazimika kupitia kwake. Huenda hukumbuki kuiwasha Hyper-V. Umeiwasha bila kujua ulipoweka WSL, au Windows 11 imewasha ulinzi uitwao "Memory integrity". Unaweza kuzima "Hyper-V" na "Virtual Machine Platform" kwenye orodha ya vipengele vya Windows, kisha "Memory integrity" kwenye sehemu ya usalama, ukawasha upya. Kikobe kitaondoka na kasi itaonekana. Ila fahamu unachotoa: WSL itaacha kufanya kazi, na Windows yako itapungukiwa ulinzi. Kwenye laptopu ya mazoezi ningezima. Kwenye laptopu ya ofisi ningevumilia kikobe.

Nne, joto. Kuanzia Desemba hadi Machi Dar inachemka, na laptopu ya zamani yenye feni iliyojaa vumbi hupunguza kasi ya prosesa yenyewe ili isiungue. Mashine pepe inaifanyisha prosesa kazi nzito kwa muda mrefu, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kuonyesha dalili. Isafishwe feni, ibadilishwe pasta ya prosesa, na usiiweke juu ya godoro. Pia hakikisha imechomekwa kwenye umeme, maana ikitumia betri Windows huibana.

NAT au briji?

Hizi ni njia mbili za kumuunganisha mgeni na mtandao. Baki na NAT, ndiyo unayoikuta. Mgeni anapata intaneti kupitia mwenyeji, na hakuna mtu wa nje anayemwona. Briji inamtoa mgeni nje akaonekana kwenye mtandao kama kifaa kingine kamili, chenye anwani yake. Inafaa ukitaka simu yako au laptopu ya mwenzako ifungue tovuti iliyo kwenye seva yako ya mazoezi. Kwenye mtandao wa ofisi au wa chuo, omba ruhusa ya anayeusimamia kabla ya kutumia briji. Ukitaka wageni wawili waongee wao kwa wao bila kutoka nje, kuna mtandao wa ndani kwa ajili hiyo.

Umeme ukikatika katikati ya kazi?

Mwenye laptopu yenye betri nzima ana muda wa kufunga kwa kuchagua "Save state": mgeni anagandishwa alipo na kesho anaendelea hapohapo. Mwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, au laptopu ya mtumba ambayo betri yake imekufa, yuko hatarini, kwa sababu diski ya mgeni inaweza kuharibika ikikatwa wakati inaandikwa. Nunua UPS ndogo kabla ya kununua kingine.

Watu hudhani snapshoti, yaani kumbukumbu ya mgeni alivyo wakati huo, ni kinga. Snapshoti inakurudisha nyuma ukiharibu mipangilio, na kwa hilo ni zawadi: piga moja kabla ya kila jaribio la hatari. Lakini imekaa kwenye diski ileile, ikitegemea mafaili yaleyale. Diski ikifa, imekufa nayo. Nakala ya akiba ni ile iliyo kwenye diski nyingine. Na usirundike snapshoti kumi, kila moja inakula nafasi na kuongeza uzito. Nafasi nyingine inaliwa na ile diski inayokua yenyewe: inapanuka mgeni anapojaza vitu, ila haipungui akivifuta.

Naweza kufungulia humo mafaili ninayoyashuku? Na Kali Linux?

Mashine pepe ni ukuta mzuri, mradi usiutoboe mwenyewe. Zima folda za pamoja, zima kunakili kati ya mgeni na mwenyeji, kata mtandao, piga snapshoti, ndipo ufungue. Mwenye Windows Pro ana Windows Sandbox pia, inayofuta kila kitu ukiifunga.

Kali, Linux ya kujaribia usalama wa kompyuta na mitandao, ina mashine pepe zilizokwisha kutengenezwa, unapakua na kuwasha tu. Shabaha za majaribio yako ziwe wageni wako mwenyewe kwenye mtandao wa ndani. Kuingia kwenye kompyuta au mtandao wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hata ukisema ulikuwa unajifunza. Nawaona vijana wenye vipaji vya kweli kwenye fani hii, na sitaki hata mmoja aanze safari yake kwa kesi.

Gemu je?

Hapana. Mgeni hapati kadi ya picha kama mwenyeji.

Programu yetu ya mahesabu inataka Windows 7. Mashine pepe itatusaidia?

Hii ni moja ya kazi inazozifanya vizuri kuliko zote. Windows 7 iliacha kupata masasisho ya usalama Januari 2020, na Windows 10 ikafikia ukomo wake Oktoba 2025, kwa hiyo kuziacha kwenye kompyuta iliyo wazi kwenye intaneti ni hatari. Iweke Windows 7 hiyo ndani ya mgeni, kata kabisa mtandao wake, na mhasibu afungue mgeni pale tu anapotaka kutazama vitabu vya miaka iliyopita. Kama programu inadai kifunguo cha USB, kile kifaa kidogo cha leseni kinachochomekwa ndipo ifunguke, tumia VirtualBox au VMware, kisha umkabidhi mgeni kifaa hicho kwenye mipangilio ya USB. Jaribu na nakala ya data kwanza, siyo data yenyewe, na uhakikishe printa inachapa kabla hujaiondoa mashine ya zamani.

Nikinunua laptopu nyingine, au nikitaka kuhamia VMware, naanza upya?

Huanzi upya. Mzime mgeni kabisa, siyo kumgandisha. Kwenye VirtualBox chagua "Export Appliance", utapata faili moja la OVA lenye mashine nzima. Lipeleke kwenye diski ya nje, kisha kwenye laptopu mpya tumia "Import". VMware Workstation nayo inaipokea OVA, wakati mwingine ikilalamika kwamba haikufuata kanuni; bonyeza "Retry" itaendelea. Hyper-V haisomi OVA moja kwa moja, inataka diski ya VHDX, na programu ya bure iitwayo qemu-img ndiyo ya kugeuzia. Baada ya kuhama ondoa Guest Additions ndani ya mgeni, weka VMware Tools mahali pake, na usiifute ile ya zamani mpaka mpya iwe imewaka na umefungua mafaili yako ukayaona.